Saa Elfu Tisa na Mia Nne

Kanta limevutwa kwa kamba kutoka Hombolo,
kreti arobaini za zabibu mgongoni.
Nyuki wamelisindikiza hadi Kizota
na hawataki kurudi.

Mwenye gari ni Mama Mbeleje.
Ameketi juu ya ringi, kanga begani,
hataki soda, hataki kiti.
"Linakohoa mlimani," asema, "halafu linanyamaza
kama mtu aliyekumbuka deni."

Boneti baadaye. Kwanza napiga magoti,
natafuta tundu chini ya usukani,
lile la pini kumi na sita, nachomeka waya.
Kompyuta yangu ina ufa kona hadi kona,
herufi N haiandiki mpaka uikemee,
lakini inasoma.

Inasoma kile ambacho Fundi Chedego
alikuwa akikisikiliza kwa bisibisi,
ncha kwenye injini, mpini sikioni.
Aliapa kwamba injini haina siri kwa mwenye subira.
Sanduku hili la bati, dogo kama mche wa sabuni,
lina subira kutushinda sote:
linaandika joto, linaandika pumzi,
mara ngapi mguu ulikanyaga mafuta hadi sakafuni,
na halimwambii mtu
mpaka aulize kwa lugha yake.

Nauliza.
Nozeli ya tatu inavuja. Kazi ya siku moja, nafurahi.
Halafu nashuka ukurasa mmoja zaidi,
udadisi tu, kama apekuaye koti la mgeni:
saa za injini kuzunguka, elfu tisa na mia nne.

Natazama dashi. Kilomita elfu themanini na tisa.

Piga hesabu mwenyewe. Gari hilo
lingekuwa linaachwa nyuma na baiskeli ya muuza mkaa.

Nachomoa dashi nione. Nyuma yake waya umefungwa
utepe mweusi, mizunguko mitatu,
mkia umekunjwa ndani
ili atakayeufungua asihangaike.
Hakuna fundi Kizota anayekunja mkia wa utepe.
Mimi tu.

Miaka miwili iliyopita. Mtu mwenye shati la kitenge,
elfu themanini mkononi, usiku,
mlango wa bati umefungwa nusu.
Nilibonyeza, tarakimu zikashuka
kama maji ya tangi lililotobolewa.
Dakika nne. Sikujua bado
kwamba sanduku lina daftari jingine,
linalohesabu saa, halihesabu njia.
Na nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba.

"Nyemo, linasema nini?" Mama Mbeleje kasimama.
Zabibu zinatoa ile harufu tamu
inayoelekea kwenye siki.

Kwenye kioo kuna vitufe vitatu: soma, andika, futa.
Shuleni Mvumi walitufundisha viwili.

Faili la zamani bado lipo, sikuwahi kulifuta.
Laki tatu na hamsini na moja elfu.
Najumlisha elfu ishirini na tano alizotembea yeye.
Naunga betri ya akiba, maana nguvu ikikatika
katikati ya kuandika, dashi hugeuka jiwe.
Kisha napandisha.

Umeme unakatika kwenye asilimia sitini.
Mtaa mzima unasema aah,
grinda ya jirani inanyamaza.
Betri inashikilia. Mimi ndiye nimeacha kupumua.

Dashi inawaka upya. Mama anasoma, kidole hewani,
mamia, maelfu, malaki.
"Yaani limezeeka hapa hapa, mbele yangu?"

Lilizeeka zamani, nasema.

Anahesabu kitu kwa midomo, wala si kilomita:
mkopo wa kikoba, mavuno mawili,
shamba la mdogo wake lililowekwa rehani.
Kisha ananigeukia, si kwa hasira, bado.
"Nani alilifanya hivi?"

Nyuki mmoja anatembea juu ya ufa wa kioo.
Utepe uko mkononi mwangu, umejikunja wenyewe
kwa mazoea.
Nauweka kwenye kiganja chake.